Njia Sita za Mombasa

Siku Waziri alipokuja Malindi kufungua mradi wa maji, Mwanatumu binti Omar alikuwa peke yake mbele ya ubao wa simu, na kufikia saa nne za asubuhi alikuwa amekwisha kuwachoka wanadamu.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Mwanatumu alikuwa mjane wa miaka arubaini na mbili, mzaliwa wa Shella, mwembamba, mwenye ulimi mkali ambao kazini aliufunga na nyumbani akaufungua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile, vipokea sauti masikioni, akichomeka waya hapa na kuuchomoa pale. Simu za mjini kwa mjini hazikumsumbua. Taabu ilikuwa simu za mbali. Kutoka Malindi kwenda Mombasa zilikuwako njia sita tu. Aliyetaka Nairobi, Mariakani au Ulaya alipitia katika sita hizo. Hata Kilifi, hapo pua na mdomo, ilipatikana kwa kuzungukia Mombasa. Siku za kawaida njia sita zilitosha. Siku ya mkutano mkubwa zilikuwa kama mlango mmoja wa msikiti siku ya Idi.

Mkuu wa ofisi, Bwana Nahashon, mtu wa bara aliyeogopa kila aliyevaa tai, alikuwa ametoa amri mbili wiki hiyo. Ya kwanza, kwamba wafanyakazi wote waende uwanjani kumlaki mgeni. Kwa hiyo siku ambayo simu zingekuwa nyingi kuliko siku zote za mwaka, maopereta wawili walipewa bendera za karatasi wakaenda kuzipunga juani, na wa tatu, ambaye ni Mwanatumu, akaachiwa mji mzima. Amri ya pili iliandikwa kwa mkono na kubandikwa juu ya ubao: njia tatu za kwanza ziwe za wageni wa heshima, na mtu mwingine yeyote asiguswe nazo. Mwanatumu aliisoma, akaona hata kuandika kumemshinda, wala hakubisha. Alijua tangu zamani kwamba ukibishana na mjinga, unamfanya ajione ana hoja.

Wageni wa heshima walizitumia njia zao, na za wengine pia.

Opereta anakula kiapo kwamba atakayoyasikia kwenye waya yatabaki kwenye waya. Mwanatumu hakuwahi kukivunja. Aliwadharau maopereta wenzake waliopeleka mazungumzo ya watu sokoni kama dagaa. Lakini sikio halina kifuniko, na siku hiyo alisikia. Alimsikia mwenye hoteli akigombana na mtu wa Mombasa kwa dakika ishirini juu ya barafu. Alimsikia mpambe wa Waziri akiuliza Nairobi kama mkubwa wake anapenda dafu la kunywa kwa mrija au kwa bilauri, na Nairobi ikaahidi kuulizia na kurudisha jibu. Alimsikia mwandishi wa gazeti akiisomea ofisi yake habari iliyokamilika: maelfu walishangilia, Waziri akawaonya wavivu, maji yakabubujika. Wakati huo Waziri alikuwa bado Kilifi, upande wa kusini, akingoja kivuko.

"Maji yamebubujika kweli, bwana?" Mwanatumu alimwuliza alipokuwa akimkatia.

"Yatabubujika," akasema mwandishi, bila haya.

Kuliko wote, aliyemkera ni Abdulghani. Huyu alikuwa diwani na mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, binamu ya marehemu mumewe. Alikuwa amekula pilau ya Mwanatumu miaka na miaka, na katika matanga ya mumewe alilia kwa sauti kuliko wafiwa. Lakini akishika simu humwita Mwanatumu "Opereta", kana kwamba mama yake hakumpa jina. Alipiga kutoka klabu iliyokuwa karibu na uwanja, na tangu asubuhi alikuwa ameomba Mombasa mara saba. Mara zote saba maneno yalikuwa yale yale: "Saa kumi fungua redio. Jina langu litatajwa."

Mara ya nane Mwanatumu alimwambia, "Shemegi, kuna watu wanangoja njia tangu saa mbili."

"Opereta, wajua unazungumza na nani?"

"Najua sana," akasema Mwanatumu, na akampa njia. Alivyolitamka hilo, mwenye akili angelala nalo siku tatu. Abdulghani akalichukua kuwa ni heshima.

Waziri alifika saa sita u nusu. Mwanatumu alijua kwa sababu ubao ulitulia. Wakubwa wote walikuwa wamekimbilia viti. Akanywa chai iliyopoa. Dirishani alisikia vipaza sauti vikikwaruza, halafu ngoma za akina mama wa Mambrui na Sabaki, waliokuwa wamepangwa kwenye ngazi za mbao ili waonekane vizuri kwenye picha. Wakubwa wenyewe walikaa kwenye baraza la saruji.

Saa saba na robo ngoma zilikatika ghafla, kisha vijitaa vya ubao vikaanza kuwaka. Kimoja, vitatu, kumi, halafu ubao mzima, mpaka Mwanatumu hakujua pa kuanzia. Klabu, hoteli, afisi, nyumba za wakubwa, wote walikuwa wamenyanyua simu kwa wakati mmoja, na wote walitaka Mombasa. Kabla hajafahamu kuna nini, njia sita zilikuwa zimejaa. Ndipo akaona taa ya hospitali.

"Mama, nipe Mombasa sasa hivi." Alikuwa Daktari Ochola, kijana aliyekuwa hana hata mwaka mjini, na siku zote alisalimu kwanza. "Ngazi za mbao zimevunjika uwanjani. Nina wanawake ishirini na watatu hapa sakafuni. Wawili wanavuja damu tumboni. Siwezi kuwapasua hapa. Nataka Mombasa wajitayarishe, na Kilifi wanishikie kivuko."

"Njia zote zina watu, daktari. Usiweke simu chini. Nawatoa."

Akaingia kwenye njia moja baada ya nyingine, kwa adabu, kama kanuni inavyosema. "Samahani, kuna dharura ya hospitali, tafadhali malizeni."

Mwenye hoteli alimwambia kuwa barafu imeyeyuka na yeye pia ana dharura. Mwandishi alisema habari yake imebadilika, anataka kuondoa maneno "kwa utulivu mkubwa", naye hawezi kukatizwa. Mwanamke mmoja, mke wa mkubwa fulani, alikuwa akimweleza dadake jinsi vumbi lilivyomharibia gauni, na alipoambiwa hospitali alisema, "Ndiyo, ndiyo, nakuja," akaendelea na gauni. Wawili wengine walikuwa wakiwaarifu watu wao kuwa wao ni wazima. Hakuna aliyekuwa amewauliza; baraza la saruji halikuwa limepata hata ufa.

Kwenye njia ya kwanza alikuwa Abdulghani. Mwanatumu alipoingia, diwani alikuwa akinong'ona kwa hasira.

"Mbao zako zimenivunjikia, bwana. Nilikwambia zina mchwa, ukasema kwa kina mama wa ngoma zitahimili. Sasa sikiliza. Mimi na wewe hatujuani. Mbao zililetwa na Fundi Mahadhi wa Mambrui, aliyezipigilia. Polisi nimeshawapa jina. Umenielewa?"

"Shemegi," akasema Mwanatumu, "hospitali inataka njia. Kuna wanawake wanakufa."

"Toka kwenye simu yangu, Opereta! Hii ni simu ya serikali. Hospitali wana ambulensi, watumie ambulensi!"

Mwanatumu aliitazama amri ya Nahashon pale juu. Akaunyosha mkono akachomoa waya wa kwanza. Kisha wa pili. Hakufanya haraka wala hakufanya kwa hasira. Alizichomoa zote sita kama mtu anayetoa miba ya samaki, akaziweka mezani. Halafu akampa Ochola Mombasa.

Daktari alizungumza dakika nne. Alipomaliza, Mwanatumu akatafuta Kilifi. Aliyepokea pale kivukoni alikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba.

"Haiwezekani, mama. Kivuko kimefungwa upande wa kaskazini. Kamati imeagiza kisiondoke mpaka msafara wa Waziri urudi."

"Msafara utarudi jioni."

"Basi kitangoja jioni."

Mwanatumu akavuta pumzi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema kweli, si kwa ucha Mungu tu, bali kwa sababu aliona uongo ni kazi ya watu wasio na akili ya kutosha. "Sikiliza," akasema, kwa sauti ile nzito ya afisi. "Hii ni Malindi, simu ya serikali. Waziri mwenyewe ameagiza kivuko kiachwe kwa ambulensi. Ikifika ivushwe, isingoje hata dakika. Jina lako nani, nimwandikie?"

Mtu wa kivuko alikuwa amekwisha kusimama. Ilisikika kwenye pumzi zake. "Itavushwa, mama. Mwambie mheshimiwa itavushwa."

Baada ya hapo ubao uliendelea kuwaka, na Mwanatumu akaendelea kujibu. "Njia zimejaa." Mbele yake matundu matano yalikuwa matupu, la sita likimngoja daktari. "Njia zimejaa, mheshimiwa. Njia zimejaa, bibi." Mwenye hoteli alitukana. Mpambe wa Waziri alitaja cheo chake chote, kirefu kama treni ya mizigo. Abdulghani alipiga mara tano, na mara zote tano Mwanatumu alimwambia kwa upole ule ule kuwa njia zimejaa. Ochola akapiga tena saa nane kasoro, akasema ambulensi imeondoka, Mombasa wanangoja, yeye hahitaji njia tena, Mungu amlipe. Hapo Mwanatumu angeweza kuwafungulia watu. Hakuwafungulia. Alikaa nusu saa nzima, mikono mapajani, njia sita zote tupu mbele yake, akiwaambia wakubwa wa Malindi kuwa zimejaa. Ilikuwa tamu. Miaka kumi na tisa hakupata kuonja kitu kitamu kama kile.

Aliposimama kujinyosha, akachungulia upande wa wateja, aliona mtu amesimama kwenye kibanda cha simu, mkonga sikioni. Alikuwa mwanamume wa makamo, miguu pekupeku, shati lake la mkutano lina damu begani.

"Wewe nani, ndugu yangu?"

"Kitsao, mama. Natoka Sabaki." Alitoka kibandani kwa heshima. "Mke wangu alikuwa kwenye ngoma. Amevunjika mkono na mbavu. Nataka kumwambia kakake, yuko Mariakani kwenye kiwanda cha maziwa, aje achukue watoto, maana mimi nitalala hospitali. Umeniambia njia zimejaa, ndiyo nangoja."

"Umengoja tangu lini?"

"Ni kitambo. Tangu ile ambulensi haijapita. Lakini si kitu, mama. Najua siku kama hizi wakubwa wana mambo mengi."

Mwanatumu hakuweza kumtazama. Sauti yake ilikuwa moja ya zile alizozijibu bila kusikiliza; katika dharau yake alikuwa amewatia wote kapu moja, na huyu naye ndani. Akarudi kwenye ubao, akamtafutia Mariakani mwenyewe. Alipompata yule shemeji wa Kitsao, akawaacha wazungumze mpaka walipochoka, asiwakumbushe muda. Kisha akafungua njia zote, akajibu watu mpaka saa kumi na mbili, bila kuzidisha neno.

Wale wanawake wawili walivuka Kilifi, wakapasuliwa Mombasa jioni ile. Walipona, mmoja baada ya kukaa hospitali miezi miwili.

Asubuhi ya pili Mwanatumu aliitwa afisini kwa Nahashon. Abdulghani alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa. Nahashon alikuwa amesimama ndani ya afisi yake mwenyewe.

"Bi Mwanatumu," Nahashon akaanza, "umekata simu za wageni wa heshima. Umevunja amri ya maandishi."

"Ndiyo."

"Na la pili ni kubwa zaidi," Abdulghani akadakia. "Ulimsingizia Waziri! Ulisema ameagiza kivuko, naye hakuagiza kitu. Kutumia jina la Waziri kwa uongo ni jela hiyo, Opereta. Nataka afukuzwe leo."

Nahashon akakohoa. Alikuwa ameshika gazeti, na jinsi alivyolishika, alionekana kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. "Mheshimiwa, ulisoma la leo?"

"Lina nini?"

Nahashon akasoma. Waziri, baada ya kusikia ajali ndogo iliyotokea, alitoa kivuko chake mwenyewe kwa majeruhi na kukubali kungoja, kitendo cha huruma ambacho wananchi wa Pwani hawatakisahau. Waziri alipoulizwa, alisema kiongozi mwema hutanguliza watu wake. Redio nayo ilikuwa imesema hivyo saa moja asubuhi. Jina la mwenyekiti wa kamati halikutajwa popote.

Mwanatumu alimwona Abdulghani akipiga hesabu kichwani: kusema opereta ameongopa ni kusema Waziri hakuagiza, na kusema Waziri hakuagiza ni kumwita mwongo mtu aliyekwisha kuzipokea sifa. Alikuwa akilitafuta tundu la kupitia kama panya aliyefunikwa na sufuria.

"Basi hilo liache," akasema. "Lakini simu yangu alikata. Mimi nilikuwa..." Kitu kilikuwa kimemfikia. "Wewe ulisikia nini kwenye simu yangu?"

"Nimekula kiapo, shemegi. Sisemi ninayoyasikia."

"Vizuri. Vizuri sana. Kiapo ni kiapo."

"Lakini Fundi Mahadhi yuko korokoroni tangu jana," akasema Mwanatumu. "Nimesikia hilo barabarani, si kwenye waya. Ana watoto wanne. Nilikuwa nadhani mwenyekiti, kwa huruma yake, angekwenda kuwaeleza polisi kwamba fundi hachagui mbao, hupigilia zile anazoletewa. Kabla ya adhuhuri ingekuwa bora. Mimi adhuhuri huwa natoka, nakutana na watu wengi."

Nahashon aliwatazama wote wawili asielewe. Abdulghani alielewa. Uso wake ulikuwa umepauka, na kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mumewe alimwita kwa jina. "Mwanatumu," akasema kwa sauti nyembamba, "sisi ni jamaa."

"Ndiyo hasara yangu hiyo," akasema Mwanatumu.

Alitoka na barua ya onyo ambayo Nahashon aliiandika ili na yeye aonekane amefanya kitu. Ukumbini akajiegemeza ukutani. Alitarajia kuona raha, hakuiona. Miaka yote aliwacheka maopereta waliouza maneno ya watu, na leo yeye naye ameyauza, tena kwa bei nzuri. Hata akijiambia kwamba ni kwa ajili ya Mahadhi, moyo wake ulikuwa na ladha ya sarafu ya shaba iliyotiwa mdomoni. Akaenda kunawa uso, akarudi kwenye ubao.

Maji ya mradi yalitoka siku nne, kisha mifereji ikaanza kutoa upepo.

Wiki moja baadaye Fundi Mahadhi alifika upande wa wateja, kavaa shati safi, kitambaa cha bluu shingoni. Alikuwa mtu mnene mwenye vidole vilivyojaa makovu ya misumari. Akamsalimu kwa adabu, akaulizia wa nyumbani, mpaka salamu zikaisha.

"Naomba kumpigia ndugu yangu Mombasa," akasema. "Nimwambie nimetoka. Alikuwa na wasiwasi sana."

"Alhamdulillahi. Umetokaje?"

Uso wa Mahadhi ukachanua. "Mheshimiwa Abdulghani, Mungu amzidishie! Alikuja polisi mwenyewe, kwa miguu yake. Akagonga meza, akasema huyu fundi hana hatia, mwacheni, mimi namdhamini. Mtu mkubwa vile, kwa ajili yangu mimi! Nimewaambia watu wote wa Mambrui, uchaguzi ukifika tusimsahau. Viongozi kama wale wamebaki wangapi, bibi?"

Mwanatumu akachukua kalamu. Maneno yalimjaa mpaka kwenye meno. Akayameza yote, moja moja, na hayakuwa matamu.

"Nambari gani?" akamwuliza.